Mashine imesema gari ni zima, lakini bado linasita

Kauli tunayoisikia mafundi wa Tanga karibu kila mara gari la zamani linapoletwa kwa tatizo la kusita ni hii: "Fundi, gari limepimwa kwa mashine na hakuna kosa lililoonekana, basi nadhani ni mafuta." Mwenye gari anaeleza kwamba akitoka Kange kuelekea Muheza linakwenda vizuri, kisha ghafla anakanyaga mafuta na injini inachelewa kuitika kwa sekunde moja au mbili, halafu inaendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Maelezo hayo yanatosha kuanzia kazi nzuri, lakini yanapofika gereji huwa yameshafunikwa na hukumu mbili: kwamba mashine imekwisha kumaliza uchunguzi, na kwamba kilichobaki ni kubahatisha spea. Hukumu ya kwanza ndiyo inayowapotezea watu fedha nyingi zaidi, na ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya maelezo haya.

Mashine ya kupimia haipimi injini. Inasoma yale ambayo kompyuta ya gari imeyaandika katika kumbukumbu yake, na kompyuta huandika kosa pale tu masharti yaliyowekwa na kiwanda yanapotimia. Katika OBD-II, mfumo wa pamoja ambao kompyuta za magari huutumia kujikagua na kuzungumza na mashine hizi, na ambao Marekani iliulazimisha kwa magari madogo kuanzia yale ya mwaka 1996, makosa mengi ni lazima yajirudie katika safari mbili zinazofuatana kabla ya taa ya injini kuwaka. Injini inayosita kwa sekunde moja njiani, kisha ikatulia siku tatu, inaweza isifikie masharti hayo hata kidogo. Kwa hiyo mashine inaposema hakuna kosa, maana yake ni kwamba hakuna kosa lililoandikwa, na kati ya kauli hizo mbili kuna tofauti kubwa ambayo mteja hulipia asipoelezwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni sensa inayoieleza kompyuta kiasi ambacho mlango wa hewa umefunguka. Katika magari mengi ya zamani, ndani ya sensa hiyo mna ulimi mdogo unaoteleza juu ya njia ya kaboni, na volti zinazotoka hupanda taratibu kutoka karibu nusu volti mguu ukiwa haujakanyaga hadi zaidi ya volti 3 mafuta yakikanyagwa hadi mwisho. Dereva wa mjini hukaa miaka mingi akikanyaga kiasi kilekile kidogo, na hapo ndipo kaboni huliwa. Ulimi ukipita juu ya sehemu iliyoliwa, volti huanguka kwa kitambo kifupi sana, kompyuta huamini kwamba dereva ameachia mafuta, na gari linasita. Kosa haliandikwi, kwa sababu kompyuta inatafuta waya uliokatika au uliogusana, na sensa hii imerudi katika hali yake kabla ya kuhesabiwa mbovu. Anayetaka kuiona kasoro hiyo achukue mita ya mshale, ile ya kizamani ambayo vijana wengi gerejini hawaitaki tena, akanyage mafuta polepole huku swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, na autazame mshale. Ukishtuka mahali pamoja kila mara, sensa imechoka. Mita ya tarakimu za kawaida huwa nzito mno kuonyesha mshtuko huo.

Upande wa pili wa dhana hiyohiyo ni kuamini kwamba mashine ikitaja kitu, kitu hicho ndicho kilichoharibika. Namba ya kosa P0171, kwa mfano, haisemi kwamba sensa ya oksijeni ni mbovu. Inasema kwamba injini inapata mafuta machache mno kwa hewa inayoingia. Sababu zake zinaweza kuwa mpira wa vakyumu uliopasuka nyuma ya manifoldi, sensa ya hewa iliyoshika vumbi, nozeli zilizoziba, bomba la moshi linalovuja kabla ya sensa, au pampu ya mafuta iliyochoka. Pampu hii ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, kwa sababu magari mengi ya enzi hiyo hayana sensa yoyote inayopima shinikizo la petroli. Kompyuta haiwezi kulalamikia pampu isiyoiona. Inaona matokeo yake tu kwenye moshi. Mteja anauziwa sensa ya oksijeni iliyotumika, anaambiwa imetoka Japani, kosa linafutwa, na wiki haijaisha gari linasita tena palepale. Geji ya shinikizo ingemaliza ubishi asubuhi hiyohiyo: Toyota nyingi za silinda nne za aina hiyo huhitaji karibu bar 3, na usomaji wenye maana ni ule unaochukuliwa gari likiwa linabeba mzigo, kwa maana pampu dhaifu huweza kuonyesha shinikizo zuri kabisa injini ikiunguruma uwanjani.

Kuna pia Corolla na Carina za miaka ya mwanzo ya 1990, zenye injini kama 5A-FE na 4A-FE, ambazo bado zinafanya kazi mjini hapa na vijijini. Nyingi ziliundwa kwa ajili ya soko la Japani na hazizungumzi lugha ya OBD-II kabisa. Mashine ikikataa kuwasiliana nazo, wenye magari huambiwa kwamba kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Si kweli. Kwenye kisanduku cha vipimo kilicho karibu na injini kuna matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya na kuwasha swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi itawaka na kuzima kwa mafungu, na mafungu hayo ndiyo namba za kosa. Mimweko minne kisha mmoja ni 41, yaani mzunguko wa sensa ya mlango wa hewa niliyoieleza juu. Kazi hiyo haihitaji mashine, na ni makosa makubwa kumtoza mtu gharama ya kontroboksi kabla ya kuifanya.

Sisemi mashine iwekwe kando. Ikishikwa na mtu anayetazama tarakimu zinavyobadilika wakati gari liko barabarani, badala ya kutafuta namba ya kosa tu, inasaidia sana. Lakini kabla ya mashine kuna maswali, na maswali ndiyo yanayorukwa siku hizi. Kosa linalokuja na kuondoka lina masharti yake ya kuja, na kazi ya kwanza ya fundi ni kuyapata. Je, linatokea injini ikiwa baridi au baada ya kupata moto? Katika tambarare au mlimani? Wakati wa mvua? Tangi likiwa na mafuta mengi au machache? Nawasihi wenye magari waweke daftari dogo ndani ya gari na waandike kila linaposita, kwa sababu kumbukumbu ya mtu hukusanya matukio yote na kuyafanya moja.

Majibu ya maswali hayo huelekeza mkono. Gari linalozima likipata moto, likakataa kuwaka, kisha likawaka lenyewe baada ya kupoa, linaelekeza kwenye sensa ya krenki, inayoieleza kompyuta mzunguko wa injini, au ignita, inayoamuru koili kutoa cheche, na vitu hivyo sharti vipimwe vikiwa vya moto, kwa kuwa vikipoa husoma sawasawa. Linalosita likipanda kutoka Mombo kwenda Soni na kunyooka likirudi chini linaelekeza kwenye pampu au filta ya mafuta. Linalosita kwenye kona tangi likiwa robo linaelekeza kwenye kiasi cha mafuta chenyewe. Na hapa niongeze kwamba pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, hivyo desturi ya kutembea muda wote taa ya mafuta ikiwa imewaka huifupishia maisha. Linalosumbua asubuhi za masika linaelekeza kwenye nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Zirushie nyaya hizo maji mepesi kama ukungu usiku injini ikiwa inaunguruma, bila kugusa chochote, na cheche za buluu zitakuonyesha mahali umeme unapotorokea. Ukinzani wa waya mmoja wa plagi wa Toyota za namna hiyo usizidi kiloomu 25.

Kipimo ninachokiweka mbele ya vingine kwa magari ya pwani hii ni cha ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Hewa ya chumvi ya Raskazone na Mwambani hula shaba taratibu, na waya unaounganisha betri na injini huweza kuonekana mzima nje huku ndani umejaa unga wa kijani. Washa injini, washa taa kubwa na feni, kisha weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti ni dalili kwamba ethi imechoka, na sensa zote zinazoitegemea zinaweza kuwa zinasema uongo. Rudia kipimo hicho mpaka kwenye waya wa ethi wa kompyuta. Hakuna mashine itakayoandika kosa la ethi kwa jina lake.

Dhana nyingine inanisikitisha kwa sababu sisi mafundi wenyewe ndio tulioieneza: kwamba Tanga ni joto, kwa hiyo themostati, kile kilango kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haina kazi na itolewe. Joto la Tanga ni la nyuzi thelathini na kidogo. Injini imeundwa kufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95, na themostati nyingi huanza kufunguka karibu na 82. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, na gari likiwa barabara kuu injini hubaki chini sana ya joto lake. Sensa ya joto inaieleza kompyuta kwamba injini bado ni baridi, kompyuta inaongeza petroli, plagi zinashika masizi meusi, petroli ya ziada inaingia kwenye oili, na gari linaanza kusita. Kama injini inachemsha, tafuta kinachoichemsha: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, mfuniko usioshika shinikizo au gasketi. Themostati irudishwe.

Hapo ndipo dhana ya plagi inapopata nguvu. Plagi zikitolewa nyeusi, huhukumiwa kuwa chanzo, hupigwa msasa au kubadilishwa, na gari hutulia kwa siku chache. Plagi ni ushahidi wa kilichotokea ndani ya silinda, na zikiwa nne zisomwe zote nne kwa pamoja: nne nyeusi ni habari ya mafuta mengi, moja yenye unyevu kati ya tatu kavu ni habari ya koili, waya au kompresheni ya silinda hiyo moja. Plagi za iridiamu zisipigwe msasa kabisa.

Kuhusu mafuta machafu, yapo, na ndiyo maana mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kubaini yaliyochakachuliwa au yasiyolipiwa kodi. Lakini mafuta mabaya huanza kusumbua muda mfupi baada ya kujazwa na hayachagui mlima wala mvua. Anayeyashuku achote kiasi kwenye chupa safi ya kioo na kuiacha itulie. Maji hushuka chini na kujitenga. Dawa za kusafishia nozeli zinazomiminwa tangini haziponyi pampu, ethi wala waya.

La mwisho ni ushauri wa kuchomoa betri ili gari "lijisahau." Kompyuta hujifunza kurekebisha mafuta kadiri injini inavyochakaa, na betri ikichomolewa marekebisho hayo pamoja na taarifa za hali ya injini kosa lilipoandikwa hupotea. Gari huweza kwenda tofauti kwa siku kadhaa, mwenye gari akaamini limepona, kisha kompyuta ikajifunza upya na kusita kukarudi, wakati huu bila ushahidi wowote. Kabla ya kugusa betri, soma makosa yaliyopo, yakiwemo yale yanayosubiri kuthibitishwa, andika marekebisho ya mafuta yalipofikia na joto la injini lililorekodiwa, na ukabidhi karatasi hiyo kwa fundi pamoja na daftari la gari.