Boti ina hati yake, mashine ina hati yake

Jumamosi kijana mmoja mwenyeji wa Kigoma, anayeishi hapa Houston, alinipigia simu. Amenunua boti ya alumini na mashine ya kupachika ya nguvu za farasi 40 juu yake, hela kashalipa, mkononi ana hati moja tu, ya boti. "Fundi, si vimekuja pamoja?" Vimekuja pamoja, mdogo wangu, lakini kwa jimbo la Texas hivyo ni vitu viwili.

Natengeneza mashine za kupachika miaka mingi sasa, na swali hili nalipata kila msimu wa joto, hasa kwa sisi tuliokulia ziwani na pwani, ambako mtu huona risiti ya dukani inatosha. Sheria ya hapa inaitambua mashine kama chombo kinachojitegemea: inachoma mafuta, na inafunguka nzima nzima kutoka kwenye boti. Kitu kinachofunguliwa usiku kwa spana kinaweza kuuzwa asubuhi kata nyingine. Ndiyo maana kina hati yake ya umiliki, inayotolewa na idara ya mbuga na wanyamapori ya jimbo, TPWD. Boti inasajiliwa kila baada ya miaka 2 na kubandikwa namba za TX. Mashine haina usajili wa kurudiarudia, ina hati tu. Vile vimota vya betri havihusiki.

Fomu ya boti ni PWD 143, ya mashine ni PWD 144. Ada ya hati ni dola 27, na kodi ni asilimia 6.25 ya bei.

Kazi yenyewe iko kwenye namba ya mashine, ile ya kiwandani. Tazama pale mashine inapobana tezi, yaani nyuma ya boti, kulia au kushoto kutegemea mtengenezaji. Utaona kibati au kibandiko. Maji ya Galveston ni chumvi tupu, namba huliwa. Tafadhali usiguse brashi ya waya! Lowesha kitambaa kwa siki, kiache kidogo, ufute polepole. Kama namba imegongwa kwenye chuma, weka karatasi nyembamba juu yake, lalisha penseli usugue, namba zitajitokeza moja moja. Piga na picha. Kwa Johnson na Evinrude za zamani, vua kifuniko uangalie kwenye bloku ya injini: kuna kisahani cha chuma, duara kama sarafu, chenye namba ileile. Zikipishana, au ukiona mikwaruzo ya tupa, ondoka na hela yako. Mashine yenye namba iliyochezewa hukamatwa, hata kama wewe umenunua kwa nia njema.

Ukihamia jimbo jingine uliza upya. Florida haitoi hati ya mashine kabisa. South Carolina inaitaka kuanzia nguvu za farasi 5. Oklahoma, zaidi ya 10.

Kubwa kuliko yote, soma jina kwenye hati ya mashine kabla ya kulipa, ulilinganishe na kitambulisho cha anayekuuzia. Kijana wetu alirudi kwa muuzaji Jumapili. Hati ilikuwepo, imelala kwenye droo, ila kwa jina la aliyemuuzia huyo muuzaji, hakuwahi kuibadilisha. Sasa tunamtafuta yule wa kwanza aje asaini, na mashine imefunikwa turubai kwenye karakana yangu.