Vijiti vimejaa, simu inakatika

Kazi yangu ni kuzunguka na gari nikipima mtandao wa 3G. Lalamiko nisilolisahau lilitoka ghorofa ya kumi na moja ya jengo moja la ofisi: "Vijiti vya mtandao vimejaa, ila simu zinakatika." Mwenzangu alitaka tuongeze nguvu ya mnara. Nikamwomba tupande ngazi kwanza.

Kule juu pailoti ya mnara, yaani ishara ambayo mnara huirusha muda wote ili simu ziutambue, ilisoma -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri ndivyo nguvu inavyokuwa kubwa), nguvu nzuri kabisa. Lakini ukiilinganisha pailoti hiyo na mawimbi yote yaliyojaa kwenye masafa yale, uwiano ulikuwa desibeli -16; hapa pia, kadiri namba inavyokwenda mbali na sifuri ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Mimi huanza kukunja uso ukifika -12. Vijiti kwenye simu hufuata namba ya kwanza. Mazungumzo hutegemea ya pili.

Minara ya 3G huweza kutumia masafa yaleyale, wakati uleule. Ni kama stendi ya daladala: wapiga debe wanaita wote pamoja, nawe unalipata "Mbagala" kwa kuwa ndilo neno unalolitafuta. Hapa neno lako ni msimbo. Sauti ya biti 12,200 kwa sekunde hutawanywa hadi chipu (vipande vidogo vya msimbo) milioni 3.84 kwa sekunde, karibu mara 315, yaani desibeli 25. Kwa akiba hiyo simu huweza kuichota sauti iliyozama ndani ya kelele.

Akiba huisha, lakini. Mpiga debe mmoja akishika spika, wenzake hawasikiki tena. Ndiyo maana mnara huiamuru simu ipandishe au ishushe nguvu mara 1,500 kila sekunde, aliye karibu asimfunike aliye mbali.

Ghorofa ile ilikuwa inaona minara sita yenye nguvu zinazokaribiana. Sisi tulikuwa tumeruhusu simu ishike mitatu kwa mpigo, kwa hiyo mitatu iliyobaki ikawa kelele tupu. Kuongeza nguvu kungekuwa kumpa spika mpiga debe mwingine, na wateja wa minara ya jirani ndio wangelia. Tukainamisha antena nne kwa digrii chache, ikiwemo ya mnara uliokuwa unaongoza. Pailoti ikashuka hadi -73, uwiano ukapanda hadi -11.

Siku chache baadaye mteja wa ghorofa hiyo alipiga kulalamika kwamba kijiti kimoja kimepotea. Alilalamika dakika kumi na mbili, na simu haikukatika.