Volti arobaini, kisu butu: dhana potofu kuhusu keke za umeme za kutobolea barafu

Jumamosi aliingia mzee mmoja wa Kenya, ameishi hapa Minnesota miaka mingi kuliko mimi, kabeba keke yake, ile drili kubwa ya kutobolea ziwa lililoganda ili kuvua samaki, begani kama jembe. "Fundi, hiki kitu hakina nguvu. Nitafutie cha volti nyingi." Keke yenyewe ilikuwa ya volti 40. Nikaigeuza, nikapitisha ukucha kwenye kisu: butu kama ukingo wa kijiko. Nilipombana akakiri kwamba alipokuwa akifunga kibanda chake cha kuvulia aliilaza ufukweni, kwenye mchanga. Nikafungua skrubu, nikaweka visu vipya. Betri ileile, mota ileile. Jumapili jioni akanitumia video ya shimo lililokamilika kabla hajamaliza sentensi yake.

Wiki hiyo alikuwa mtu wa nne kuniletea habari za volti, ndiyo maana leo naandika.

Tuanze na hesabu, kwa sababu waandika maboksi wanategemea kwamba hutaifanya. Betri iliyoandikwa volti 40 ina seli 10 zilizopangwa mfululizo, kila moja volti 3.6 za kawaida. Jumla 36. Hiyo 40 huipata ikiwa imejaa pomoni, imetoka tu kwenye chaja. Mchezo ni uleule kwa drili za huku Marekani zinazoandikwa volti 20: seli ni 5, volti za kazi ni 18. Sasa chukua betri ya 36 yenye ampea-saa 4, zidisha, unapata wati-saa 144. Chukua ya 18 yenye ampea-saa 8, zidisha, unapata 144 hizohizo. Akiba ya umeme ni moja, ila boksi moja limeandikwa namba kubwa na bei kubwa.

Sisemi volti hazina maana yoyote. Kwa kazi ileile, volti zikiwa nyingi mkondo unakuwa mdogo, na waya na mota hazipati joto sana. Ukitoboa mashimo hamsini kwa siku, utaiona tofauti. Lakini wateja wangu wengi hutoboa sita, wanakaa, wanakunywa chai.

Kinachoamua kama keke itakwenda au itakwama ni upana wa shimo na hali ya visu, na haya mawili hakuna anayeniuliza. Upana kwanza. Keke ya inchi 8 na ya inchi 10 zinaonekana kama ndugu, lakini eneo la shimo hukua kwa mraba: 64 dhidi ya 100. Yaani kwa inchi mbili tu unailazimisha mota kukata barafu zaidi ya mara moja na nusu. Ukishuka hadi inchi 6 ni 36, karibu nusu ya ile ya 8. Anayevua samaki wadogo kama perch, crappie na bluegill hana sababu ya kuzidi inchi 6. Kwa walleye, samaki wa ukubwa wa kati, 8 inatosha kabisa. 10 ni ya pike wakubwa na lake trout. Basi mtu anayevua perch ananunua keke ya 10 "ili asijute", kisha anarudi kulalamika kwamba betri inaisha haraka. Itaachaje kuisha?

Halafu visu. Viko vya aina mbili, na muuzaji asipokuuliza unakwenda kuvua wapi, toka dukani kwake. Visu vya kunyoa vina makali yaliyonyooka kama wembe. Kwenye barafu safi, ngumu, vinateleza chini bila kelele. Visu vya kumega vina meno. Ni vya polepole, lakini vinavumilia barafu chafu na vinaweza kufungua tena shimo la jana lililoganda. Ukipeleka visu vya kunyoa kwenye shimo la zamani, keke inarukaruka, inakung'ang'ania mikono, na wewe unasema haina nguvu. Anayepanga kibanda na kurudia mashimo yaleyale kila wikiendi anunue vya meno. Anayehamahama akitafuta samaki anunue vya kunyoa, na seti ya akiba mfukoni. Seti ya visu haifiki hata karibu na bei ya betri kubwa.

Na tafadhali, usivinoe kwa tupa. Pembe ya makali ya visu vya kunyoa ni finyu na kamili. Ukiibadilisha kidogo tu, kisu kinakwaruza badala ya kuuma. Mjomba wako aliyekuwa ananoa mapanga Tarime ni fundi kweli, ila si wa kazi hii.

Kuna wakati hata kisu kipya kinakataa. Umetoa keke kwenye gari lenye joto, ukaisimamisha kwenye theluji, theluji ikayeyuka juu ya kisu, ikaganda. Sasa makali yamevaa ngozi ya barafu. Usiibamize chini kuiondoa, utapinda kisu. Mimi husafiri na keke nyuma ya gari, kwenye baridi, betri tu ndiyo inakaa mbele nami.

Hapo tunafika kwenye wale wanaosema betri hufa kwenye baridi, kwa hiyo bora ya petroli. Nusu ni kweli. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri betri ya lithiamu inatoa umeme kwa shida na akiba yake hupungua sana. Iweke ndani ya koti mpaka dakika ya kutoboa, itafanya kazi. Kinachoiua ni kuichaji ikiwa imeganda. Chini ya nyuzi sifuri lithiamu haiingii kwenye seli inavyotakiwa, inajibandika kama metali, na uwezo uliopotea haurudi. Chaja nyingi nzuri hukataa kuanza mpaka betri ipate joto. Watu wanadhani chaja imeharibika, wanatafuta ya bei nafuu isiyokataa! Leta betri ndani, iache ipate joto la nyumba, kisha chaji. Petroli, kwa upande wake, inakupa moshi. Ukitoboa ndani ya kibanda kilichofungwa unavuta sumu. Ya umeme unaitumia humohumo.

"Ninayo drili nyumbani, nitanunua keke isiyo na mota tu niifunge." Sawa, ikiwa ni drili ya mota isiyo na brashi, yenye gia ya mwendo wa chini na mpini wa pembeni. Mpini huo usiuache nyumbani. Kisu kikinasa, drili inageuka wewe ukiwa umeishika, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa. Zile ndogo za kufungia skrubu kwa kugongagonga, hapana. Na hakikisha keke hiyo ina sahani pana juu yake; ikichomoka kwenye drili bila sahani, imekwenda chini kukutana na walleye.

La mwisho ndilo linanikera kwa namna nyingine: kwamba keke ndiyo ya kupimia unene wa barafu. Ukishasimama mahali ukatoboa, umekwishaamini. Nunua mtaimbo wa barafu, ule mrefu wenye ncha ya patasi, na ugonge mbele yako unapotembea. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, rudi ulikotoka. Idara ya Maliasili ya Minnesota inapendekeza angalau inchi 4 za barafu mpya, angavu, kwa mtu anayetembea. Gari dogo 9 hadi 10. Barafu nyeupe, ile ya theluji iliyoloa ikaganda, inahitaji unene mara mbili.

Yule mzee wa Jumamosi nilimuuliza kama anao mtaimbo. Akasema hana, lakini jirani yake huegesha pikapu ziwani kila mwaka. Nikamwekea mmoja kwenye risiti pamoja na visu, na hakubisha.