Je, wajua kwa nini kisanduku cha risiva kilichozibwa kwa silikoni ndicho hunywa maji?

Mvua za masika zikianza Nairobi, wenye magari madogo ya kuchezea ya rimoti huanza kununua silikoni. Kila ufa wa kisanduku cha risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, huzibwa na kila waya huzungushiwa gundi. Wazo lenyewe linaonekana halina kasoro: maji huingia penye tundu, kwa hiyo ukiziba zaidi, unakuwa salama zaidi. Lakini fungua kisanduku cha namna hiyo baada ya jioni moja ya madimbwi na mara nyingi utakuta kijiko cha maji ya matope ndani, huku kisanduku cha jirani chenye kitundu chini kina unyevu tu. Wengi hulaumu silikoni kwamba haikukauka vizuri. Silikoni haina kosa kubwa. Kosa ni la hewa iliyofungiwa humo.

Jaribu hili jikoni. Suuza chupa tupu ya plastiki ya nusu lita kwa maji ya moto, yamwage, funga kifuniko papo hapo, kisha iweke chini ya bomba la maji baridi. Itajikunja huku ikilia. Hakuna aliyeiminya: hewa ya ndani imepoa, presha yake imeshuka, na hewa ya nje inaibonyeza. Kuta za chupa ni laini, ndiyo maana zinakubali kuingia ndani. Kisanduku cha risiva kina kuta ngumu na hakiwezi kujikunja. Presha ikishuka ndani yake, kitu pekee kinachoweza kusogea ni kile kilicho kwenye ufa mdogo uliobaki. Ufa huo ukiwa chini ya maji, kitakachosogea ni maji.

Sasa tuweke hesabu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya kama kilopaskali 83, si 101 kama pwani. Kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita ESC, hupata joto gari linapokimbia. Tuseme kimo kisandukuni na hewa iliyo karibu nacho imefika nyuzi 60, kisha gari likaingia kwenye dimbwi la nyuzi 20. Presha inashuka kwa takriban asilimia 12, yaani kilopaskali 10, na hizo ni sawa na uzito wa maji ya kina cha mita moja. Dimbwi lina sentimita tano tu, lakini lastiki ya kifuniko inasukumwa kana kwamba gari limezamishwa hadi kiunoni mwa mtu mzima. Hesabu hii hudhani kwamba hewa yote ya kisanduku imepata joto sawa. Kwa kawaida haipati, kwa hiyo nguvu halisi huwa ndogo kuliko hapo. Hata robo yake yatosha kuyavuta maji.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Kisanduku kilichozibwa kikamilifu kisingekuwa na shida hii: presha ingepanda kwa joto na kurudi pale ilipoanza. Kisanduku chenye tundu la wazi pia kina nafuu, maana hewa huingia na kutoka bila kizuizi, na maji yakiingia hutoka. Kibaya ni cha katikati. Ufa wake ni mwembamba, unaruhusu hewa ya moto kutoroka polepole kwa robo saa ya kukimbia, kisha unaingiza maji baridi baada ya kupoa. Yakishaingia hayana njia ya kutoka, kwa sababu ufa uliotosha kuvuta hautoshi kumwaga.

Hata nembo ya IP67, ya vifaa vinavyozuia vumbi na maji, haikuokoi hapa. Jaribio lake ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, lakini kanuni zake hutaka joto la maji na la kifaa lisipishane kwa zaidi ya nyuzi 5. Gari lililotoka kukimbia uwanjani halijui sharti hilo.

Njia nyingine ya maji husahaulika kabisa: ndani ya waya. Waya wa gari la rimoti una nyuzi nyingi nyembamba za shaba chini ya ganda. Soketi ikilowa, maji hupita katikati ya nyuzi hizo hadi kisandukuni, ukiwa umeziba ganda kwa nje tu. Ziba mwisho wa waya pale ulipochomelewa risasi.

Dawa, basi, ni kuilinda bodi ya saketi yenyewe. Ioshe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, si thina, ambayo hula plastiki. Iache ikauke, kisha paka vanishi ya silikoni ya bodi za saketi mikono miwili myembamba, ukingoja kila mkono ukauke. Funika kwanza kwa utepe pini za soketi, swichi na sahani ya kupoza. Rangi ya kucha hufanya kazi kwa muda, lakini hupasuka bodi inapopata joto na kupoa. Ukitumia silikoni ya dirisha, inuse: inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na hula shaba. Chagua isiyo na harufu hiyo.

Kisha toboa kisanduku sehemu ya chini kabisa, milimita 4 au 5. Tundu dogo kuliko hapo litazibwa na udongo mweusi wa Embakasi kabla hujamaliza mzunguko wa kwanza. Puto la sherehe likifungwa shingoni kwa kamba ya plastiki huilinda risiva kuliko kisanduku kigumu, kwa sababu hukubali kujikunja. Usiliweke kwenye ESC, litaifungia joto.

Sevo, yaani mota ndogo inayogeuza usukani, ifunguliwe skrubu zake nne, bodi ipakwe vanishi na lastiki ya mhimili wake ipakwe grisi. Kipimo cha mzunguko kilicho ndani kisiguswe na vanishi, kwa kuwa mgusano wake lazima ubaki wazi. Mota isiyo na brashi haiogopi maji, beringi zake ndizo huogopa: tone moja la mafuta kila baada ya maji. Antena ya gigahezi 2.4 ibaki juu, hasa milimita 31 za mwisho zisizo na ganda la chuma, kwa kuwa maji humeza mawimbi hayo.

Na ukisafiri kwenda Mombasa na kisanduku kilichofungwa Nairobi, kifungue kabla ya kukaribia bahari. Kimeshuka na hewa ya mlimani, na pwani presha ya nje imezidi ya ndani kwa kama kilopaskali 18, bila mota kuwaka hata mara moja.