Kuchukua msalaba: naiti Jean de Joinville na nadhiri ya ukoo

Katika habari za Vita vya Msalaba, vita ambavyo Wakristo wa Ulaya walipigana na Waislamu kuwania Nchi Takatifu, husemwa mara kwa mara kwamba fulani "alichukua msalaba". Maana yake si kwamba alibeba mti begani. Aliweka nadhiri mbele ya kasisi kwenda kupigana ng'ambo, kisha akashonewa msalaba wa kitambaa kwenye vazi lake ili kila mtu ajue ana deni kwa Mungu. Kanisa nalo lilimwahidi rehema ya dhambi, na kuilinda mali yake akiwa safarini.

Nadhiri ilikuwa ya mtu mmoja, ila mzigo uliwaangukia jamaa wote. Mfano wangu ni naiti, yaani askari wa farasi wa tabaka la mabwana, Jean de Joinville wa Champagne, mashariki mwa Ufaransa, kwa kuwa uzeeni alisimulia mambo yake mwenyewe, hata yale ya fedha ambayo manaiti wengi waliyanyamazia.

Kwao msalaba ulikuwa kama urithi. Babu yake, Geoffroy, alifia Akka, mji wa pwani ya Palestina, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba. Baba yake, Simon, alipigana Damietta, Misri. Baba mkubwa mmoja alizikwa kwenye ngome ya Krak huko Shamu. Kijana wa ukoo huo aliyebaki nyumbani angewaambia nini wenzake?

Mwaka 1248, Jean akiwa na miaka ishirini na kitu, aliwaita watu wake kwenye kasri la Joinville wakati wa Pasaka. Mkesha wa sikukuu mke wake, Alix wa Grandpré, alijifungua mtoto wa kiume. Wakala na kucheza wiki nzima. Ijumaa Jean akawaambia kwamba anaondoka kwenda vitani ng'ambo na hajui kama atarudi, hivyo yeyote aliyemdhulumu ajitokeze alipwe. Akatoka nje wajadiliane bila kumwonea haya, na walichoamua akakikubali.

Kisha akaenda Metz kuweka ardhi rehani. Mama yake alikuwa hai bado na sehemu ya mali ilikuwa mikononi mwake kama mjane, kwa hiyo mashamba ya Jean hayakumwingizia hata livre 1,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) kwa mwaka. Na hapo alikuwa na manaiti tisa wa kuwalisha! Siku ya kuondoka alitembea peku hadi makanisa ya jirani, wala hakugeuka kulitazama kasri, asije akalegea moyo kwa ajili ya watoto wake wawili.

Alipofika Kupro alibakiwa na livre 240 tu, na manaiti wake wakatishia kumwacha. Aliyemwokoa ni Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa, kiongozi wa vita hivyo, aliyempa livre 800 na kumchukua katika utumishi wake. Urafiki wao ulianzia hapo. Kabla ya safari Jean alikuwa amekataa kumwapia utii mfalme huyo, kwa kuwa bwana wake alikuwa mtawala wa Champagne.

Misri mambo yaliharibika. Damietta ilitekwa mwaka 1249, lakini baada ya mapigano ya Mansura jeshi likaliwa na njaa na maradhi, na mwezi Aprili 1250 Jean na mfalme wakatekwa wote. Walikombolewa kwa fedha nyingi. Jean alirudi kwao mwaka 1254, baada ya miaka sita.

Mwaka 1267 Louis alichukua msalaba tena na kumtaka Jean aandamane naye. Jean alikataa. Alisema kwamba alipokuwa ng'ambo maofisa wa mfalme waliwanyonya watu wake hadi wakawa maskini, na kama yeye Jean anataka kumridhisha Mungu basi abaki awalinde. Wapo wanaoona huo ni woga. Mimi naona ni mtu aliyekwisha kupiga hesabu ya nadhiri ile kwa fedha na kwa watu. Louis alifia Tunis mwaka 1270. Jean aliishi hadi Desemba 1317.