Fantasi ya besiboli ya Oktoba: hesabu mechi kabla ya nyota

Katika kundi letu la fantasi ya besiboli, mimi ndiye mtunza jedwali. Ni kundi la kirafiki tu, mshindi ananunuliwa nyama choma, lakini takwimu ndiyo kazi inayoniweka mjini, kwa hiyo jedwali halina mzaha. Kila mtu anachagua wapigaji wanane na warushaji wawili kabla ya mtoano wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, kuanza, kisha orodha inafungwa, na wanachofanya uwanjani ndicho kinachotupa pointi. Mliozoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza mtashangaa: hakuna kubadilisha mchezaji kila wiki. Timu yake ikitolewa, pointi zake zimeishia hapo.

Hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu wanachagua majina. Tangu 2022 zinaingia timu 12, sita kutoka kila moja ya ligi mbili zinazounda MLB. Mbili bora za kila ligi huruka raundi ya kwanza, inayochezwa hadi mechi tatu. Robo fainali ni hadi mechi tano. Nusu fainali na World Series, yaani fainali, ni hadi saba. Kwa hiyo mpigaji anaweza kucheza mechi tatu akafungasha virago, au akacheza 17. Kwa zamu nne hivi kila mechi, huyo wa pili amesimama na gongo mara 50 na zaidi kumzidi mwenzake. Kipaji gani kitaziba pengo hilo?

Tazameni 2023. Atlanta Braves walikuwa na ushindi 104, Baltimore Orioles 101, Los Angeles Dodgers 100. Wote watatu waliruka raundi ya kwanza na wote waliaga robo fainali, tena kwa jumla walipata ushindi mmoja tu. Mookie Betts wa Dodgers alitoka bila pigo hata moja la maana: majaribio 11, sifuri. Texas Rangers, waliomaliza msimu na ushindi 90, walianzia raundi ya kwanza, wakacheza mechi 17 na kubeba kombe. Adolis García wao aliingiza mikimbio (pointi za besiboli) 22, rekodi ya mtoano, pamoja na homurani nane, yaani mapigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja. Kisha akaumia mbavuni katika mechi ya tatu ya World Series, na pointi zake zikaganda.

Ndiyo maana jedwali langu lina safu ya "walio hai", yaani wachezaji ambao timu zao bado hazijatolewa. Anayeongoza kwa pointi 15 huku amebakiwa na wachezaji wawili yuko nyuma ya mwenye wachezaji sita, hata kama bado anatamba kwenye WhatsApp. Na mkiwa Dar au Nairobi, msikeshe: mechi nyingi za usiku wa Marekani huanza saa tisa alfajiri kwenu. Angalieni matokeo asubuhi, na chai.

Ushauri wangu: chagueni timu mbili, moja kila ligi, mchukue wapigaji wa juu kwenye mpangilio wao wa kupiga. Mmoja akifika kituoni (kwenye beisi) na mwenzake akapiga, wote wawili wamewaletea pointi.

Warushaji msiwategemee sana. Anayeanza mechi kwa kawaida hupumzika siku nne au tano. Isipokuwa Yoshinobu Yamamoto. Mwaka 2025 Dodgers walimwanzisha mechi ya sita ya World Series dhidi ya Toronto Blue Jays, akashinda. Kesho yake, mechi ya saba, akaingia tena mwishoni akashinda na hiyo. Aliyekuwa naye kwenye orodha hajanyamaza mpaka leo.