Fundi, Si Ulisema Hii ni Stenlesi?

Swali hili nimelisikia tena juzi, kwenye kiwanda cha maziwa hapa Tanga. Aliyeuliza alikuwa ameshika aktueta ya umeme (kifaa chenye mota kinachosukuma na kuvuta fimbo) iliyokufa, fimbo yake ina madoa ya kahawia. Nalijibu hapa mara moja kwa wote, pamoja na kauli nyingine ninazozisikia.

"Stenlesi haishiki kutu."

Inashika. Kinachoilinda ni utando mwembamba sana wa oksidi ya kromi, ambao ukichubuka hujijenga upya mradi chuma ni kisafi na kinapata hewa. Adui wake mkubwa ni kloridi, na sisi watu wa pwani tunaishi nayo: imo kwenye upepo wa bahari, kwenye maji ya chumvi ya kulowekea jibini, na jiki nayo huiacha. Aina ya stenlesi iitwayo 304 ina kromi asilimia 18 hivi na nikeli 8. Ile ya 316 imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, kwa hiyo huvumilia chumvi zaidi. Lakini uvumilivu una mwisho. Mwaga jiki kali jioni, iache ikaukie hapo hadi asubuhi, fanya hivyo kila siku, na 316 nayo itatoboka.

Huanza na vidoa vya rangi ya chai shingoni mwa fimbo na chini ya washa za bolti, mahali maji yanapotuama. Watu wanavisugua kwa stilwaya, vinang'aa, wanaridhika. Hapo ndipo ninapochoka kabisa! Stilwaya ni chuma cha kawaida: inachuna uso uliokuwa laini na kuacha chembe zake, nazo zinashika kutu hapohapo. Na kishimo kilichokuwa chini ya kidoa bado kipo. Pitisha ukucha kwenye fimbo, utakigusa. Kila fimbo inapoingia na kutoka, ukingo wa kishimo unaikwaruza sili, ile pete inayozuia maji kuingia ndani. Sili ikichanika maji yanapenya, grisi inageuka nyeupe, beringi zinakwama, mota inaungua. Halafu mnaniambia umeme ulipanda.

Dawa ya klorini ikae kwa dakika zilizoandikwa kwenye lebo, basi. Kisha suuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Kama kisima chenu kina chumvi, suuza ya mwisho iwe ya bomba. Tumia brashi ya nailoni. Kabla hujatoa pesa kununua 316, rekebisheni kwanza usuuzaji.

"Sumaku ikinasa, ni feki." Aina ya 430 inanasa sumaku na ni stenlesi halali. Hata 304 ikikunjwa au kuvutwa kiwandani huweza kunasa kidogo. Tena sumaku haiwezi kukutofautishia 304 na 316.

"Inajizima yenyewe, ni mbovu." Soma kibandiko cha aktueta. Muda wa kazi ukiandikwa asilimia 10, maana yake ifanye kazi dakika 2 ipumzike 18.

"Ni IP67, piga presha tu." IP ni kipimo cha kifaa kuzuia vumbi na maji, na IP67 ni kuzamishwa kwenye maji kina cha mita 1 kwa nusu saa. Anayeosha kwa presha na maji moto anahitaji IP69K, inayojaribiwa kwa maji ya nyuzi 80 na presha ya baa 80 hadi 100. Jaribio hilo halihusu jiki. Na yoyote mtakayonunua, msiimwagie maji baridi ikiwa imetoka kazini ina joto, kwa sababu hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Izimeni, ipoe, ndipo muioshe, na glandi ya waya (pale waya unapoingilia) ielekezwe chini.